Nota Mbili za Alto

Kaunta buku ya nota iko kwenye sanduku la bati, chini ya sare za zamani. Gundi ya mgongo imeachia, kwa hiyo ifungueni kwa mikono miwili. Ndani yake kuna rula ya mbao. Rula hiyo msimwazime mtu, hata akiwa ni kiongozi wa sauti, hata akiapa.

Katibu wa kwaya aliniambia, "Dada Vene, kabla hujaondoka tuandikie kidogo, wenzako wajue pa kuanzia." Hii ni wiki ya nne naandika hicho kidogo. Mimi huandika polepole, mnanijua. Wengine wanasema nimestaafu, halafu wanacheka, kwa sababu nina miaka ishirini na mitano na sijawahi kuajiriwa. Lakini nimenakili nota za kwaya hii kwa miaka tisa, na sasa nahamia Mombo kwa shangazi yangu anayewapikia abiria wa mabasi. Mazoezi yetu ni Jumamosi, na Jumamosi ndipo mabasi hujaa. Kama huko si kustaafu, basi sijui kunaitwaje.

Vyeo sitaviandika, kwa kuwa kazi hii haina ngazi ya kupanda. Malipo ni soda siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji. Naanza na siku ya kwanza.

Sikuja kwaya kuimba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba muda mrefu kidogo, niko nyumbani. Mama, ambaye ni soprano, alikuwa na homa, akanituma nikamwambie Mwalimu kwamba hatafika. Nilisimama mlangoni mwa ghala la mazoezi nikitafuta namna ya kuingia bila kuonekana. Mwalimu Leonsi alikuwa anaandika nota kwa chaki ukutani, mistari ikimpinda. Akageuka.

"Wewe binti, unajua kuandika?"

"Shikamoo Mwalimu. Kidogo."

"Marahaba. Kidogo ndiyo ninayoitaka. Wanaojua sana wanaandika haraka."

Akanipa chaki na karatasi, akaniambia nihamishe mstari mmoja ukutani. Nilipomaliza, soprano walikuwa wameshamaliza mazoezi na wawili wamekwenda kuchota maji wakarudi. Mwalimu akasogeza pua ukutani, akakagua herufi moja moja. Kisha akawaambia wenzake, "Huyu haandiki. Huyu anapanda mahindi. Tazameni nafasi." Wakacheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi.

Wengi wenu mmemkuta Mwalimu akiwa mzee wa kukaa benchi la tatu na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Afadhali mjue alivyokuwa. Baba yake alikuja kutoka Njombe kukata mkonge, akiwa manamba, yaani mtu wa mkataba. Mwalimu husema baba yake alipewa namba kabla hajapewa kitanda. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa kambini upande huu wa Korogwe, akakua, akafanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ili singa, yaani nyuzi zake, zitoke. Alisimama kushoto kwa mashine miaka mingi, na sikio lake la kushoto likafa. Siku hizi ukisema mtu huyu sikio lake liliuawa na korona, wageni wanarudi nyuma hatua mbili. Inabidi ueleze upya tangu mkonge.

Nota alifundishwa na katekista mmoja wa kambini, naye aliwafundisha watu wa kila kabila lililoletwa na mkonge, na Wazigua na Wasambaa waliokuwapo kabla ya mkonge. Wengi wao hawakusoma. Alikuwa anamfundisha kila mmoja sauti yake kwa sikio moja, bila kuchoka, na sijapata kumsikia akimwambia mtu kwamba hana sauti. Alikuwa anasema, "Sauti unayo, ila bado haijafika. Tunaisubiri." Kuna besi mmoja, Kaka Pius, ambaye sauti yake ilisubiriwa miaka miwili. Sasa akiimba, madirisha yanaitikia.

Mimi hakunifundisha kuimba. Alinifundisha herufi. Nota zetu ni d, r, m, f, s, l, t, na maneno yanakaa chini yake, kila silabi chini ya nota yake. Koma ni pumzi. "Ukiisahau koma," alinambia, "mtu anaishiwa pumzi kanisani, na wewe umekaa kwenu unakula ugali." Alama ndogo juu ya nota inaipandisha, alama ndogo chini inaishusha. Kuna mwaka niliishusha nota ya tenor bila kujua, na tenor wote wakatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Kazi yenyewe ni hii. Mwalimu anatoa karatasi yake. Unainakili kwanza kwenye kaunta buku kwa penseli, halafu kwa kalamu. Unaiweka rula chini ya mstari unaonakili na huinui mpaka mstari uishe. Kisha unaandika kubwa kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, manila moja kwa kila sauti, na hiyo ndiyo inayotundikwa kwenye mazoezi. Msiandike manila mkiwa jikoni. Kila kosa nililofanya lilitokea jikoni.

Jihadharini pia na silabi zinazofanana na nota. Hili hamtalikuta katika kitabu chochote. Kiswahili kimejaa do na mi na la. Neno "mimi" lina mi mbili, na nota ya juu yake inaweza isiwe mi hata kidogo. Jicho likichoka, linaandika linachokisoma. Nitarudi hapo.

Majilio ndiyo msimu mgumu. Nyimbo za Krismasi lazima zifundishwe kabla ya Krismasi, lakini Baba Paroko hataki wimbo wa Utukufu usikike kanisani mpaka siku yenyewe. Ndiyo maana tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la singa. Vumbi la katani bado limo katika kuta, na ukivuta pumzi ya besi unalivuta nalo. Mvua za vuli zikinyesha watu wanakwenda kwenye palizi, na unaweza kufika ukakuta tenor watatu na mbwa. Mwalimu alikuwa anawafundisha hao hao watatu kama wako thelathini. Maneno ya Kilatini niliyaandika kwa jinsi yanavyosikika. Padri mmoja mgeni aliyaona, akayasoma mara mbili, akasema, "Lakini wanayaimba vizuri."

Sasa niandike kesi ngumu. Nilikuwa na kesi moja tu ya kweli.

Miaka mitatu iliyopita, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, Mwalimu aliniita kwake akanipa karatasi nne zilizokunjwa. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe. Alikuwa ametunga nyimbo nyingine, mnaziimba, lakini huu ulikuwa wa mtoto aliyelazwa horini, na alikuwa nao kichwani tangu ujana wake kwenye korona. Aliniambia alikuwa akiutunga kwa kufuata mapigo ya mashine, kwa sababu ndicho kitu pekee alichoweza kukisikia pale.

"Sijausikia," akasema.

"Mwalimu, si ni wa kwako?"

"Nimeusikia humu." Akagusa paji la uso. "Na sikio hili la kulia nalo limeanza kuniaga. Daktari kaniambia hivyo hivyo. Nataka niusikie mara moja, binti. Sauti zote nne pamoja, mara moja, Krismasi hii. Baadaye likitaka kwenda, liende."

Nilizichukua karatasi zile kama mtu aliyebeba mayai. Nilianza kunakili jioni hiyo hiyo, jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mwanga wa moto na wa taa pamoja. Soprano ikaisha salama. Nikaingia alto. Katikati ya mstari wa tatu mbuzi wa jirani akaingia akaelekea kwenye unga. Nikainua rula kumfukuza. Nikarudi, nikaiweka rula nilipodhani ndipo, nikaendelea.

Neno lililokuwa mbele yangu ni "amelala". Ni neno la mwisho la kiitikio, na silabi yake ya mwisho inashikwa muda mrefu, sauti zote nne. Alto walitakiwa kuishika kwenye s, yaani so. Mimi nikaona silabi "la", nikaandika l juu yake. La juu ya la. Ilikaa vizuri mno hata macho yangu hayakuona sababu ya kuuliza.

Alto nao waliipenda. Kiongozi wao, Mama Felista, alikuwa hasomi nota, ila ukimwimbia mara mbili hasahau mpaka anakufa. Mimi niliwasomea herufi, mama yangu akaziimba, Mama Felista akazishika na kuwapa wenzake. Walipofika mwisho akasema, "Hii rahisi. Nota ni la na neno ni la. Mwalimu ametuhurumia." Wakaishika, ikawaingia.

Wanaojua watanielewa: la ile iliyokuwa pale peke yake, bila so, inaufanya mwisho wa wimbo uwe na huzuni. Kinanda kingetuonyesha, lakini kinanda chetu kilikuwa mjini kwa fundi tangu Pasaka, na fundi alikuwa na majibu mengi kuliko vipuri. Na Mwalimu alikuwa anasimama katikati, alto wakiwa kushoto kwake, upande wa sikio lililokufa. Alisikia soprano, tenor na besi. Kutoka upande wa alto alisikia kivuli tu, na kivuli hicho kilimkera bila kujua kwa nini.

Wiki ya kwanza alisema, "Alto, ongezeni furaha." Ya pili akasema, "Alto, tabasamu." Wakatabasamu. Haikusaidia kitu. Kaka Pius akasema kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini inasikika mpaka barabarani, "Alto mkitabasamu hivyo, mtoto ataamka." Tulicheka sana siku ile. Hata Mwalimu alicheka, lakini nilimwona amekunja karatasi mikononi. Wiki zilikuwa zinakwisha na alichokuwa anakisikia hakikuwa kile cha kichwani.

Jumamosi ya pili ya Majilio, walipofika kwenye "amelala", Mwalimu akapiga kofi moja kukata wimbo.

"Alto! Mbona mnaimba kama mko msibani? Mtoto amelala! Hajafa!"

Watu walianza kucheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kimoja baada ya kingine, kama taa zinavyozimwa. Mwezi wa tano Mama Felista alikuwa amemzika mjukuu wake wa miezi saba, aliyekuwa akimlea yeye mwenyewe. Tuliimba kwenye maziko. Mwalimu ndiye aliyetuongoza, na tangazo lililosomwa lilisema mtoto amelala katika Bwana.

Mama Felista hakupandisha sauti. Alijifunga kanga yake vizuri, akasema, "Haya Mwalimu. Wangu amekufa. Wa kulala sijui kumwimba." Akatoka. Tulisikia ndala zake kwenye kokoto mpaka zikaisha.

Mwalimu alisimama na mkono bado uko juu. Kisha akatuambia twende nyumbani.

Jumatatu tulisikia Mama Felista amefunga nyumba, amekwenda Kang'ata kwa dada yake kusaidia palizi, na hajasema atarudi lini.

Siku hiyo hiyo nilikuwa naandika vikaratasi vidogo vya alto, vya kushika mkononi kanisani. Kwa kuwa kaunta buku ilikuwa kwa katibu, nilinakili kutoka karatasi za Mwalimu mwenyewe. Nikafika mstari wa tatu. Nikaona s.

Niliitazama muda mrefu. Nilidhani labda ni l iliyopinda. Nikaileta karibu na dirisha. Ilikuwa s, mwandiko wa Mwalimu, nene, haina shaka. Nikaelewa vyote kwa pamoja: alto hawakuwa na kosa, Mama Felista hakuwa na kosa, hata Mwalimu sikio lake halikumdanganya. Palikuwa na kitu kibaya pale kweli, na kitu hicho kilitoka kwenye kalamu yangu.

Nitawaambia ukweli, kwa siku mbili nilinyamaza. Nilifikiri ningeweza kubadilisha manila kimya kimya, kugeuza l kuwa s kwa maka peni, na hakuna ambaye angejua. Lakini manila haikuwa imetoka nje ya ghala ikilia. Aliyetoka ni mtu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mwalimu. Kusema nilishindwa. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa, nikanywa uji, nikasimama kuaga. Mlangoni nikampa karatasi niliyokuwa nimeiandika asubuhi nzima: *Mwalimu, alto hawakukosea. Niliandika la badala ya so. Waliimba nilichoandika. Ni mimi, Veneranda.*

Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema, "Unaandika polepole ili usikosee, binti, kumbe ukakosea polepole."

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kosa la karatasi nimekusamehe. Karatasi inafutika. Lakini neno nililisema mimi, wewe hukulisema. Nilijua ana msiba. Nilimzikia. Nikawa nautaka wimbo wangu kuliko nilivyomwona yeye."

"Twende Kang'ata, Mwalimu."

"Nenda wewe. Mimi nikienda ataniamkia, nitaitikia, tutanywa chai, tutaulizana habari za mvua, nitarudi. Heshima itatuzuia wote wawili. Wewe ukifika, mwambie yote mawili. Lako na langu."

Kabla ya kwenda ilibidi alto wajifunze upya, na aliyekuwa akiwafundisha ndiye hayupo. Siku ya Ijumaa Mwalimu akanisimamisha mbele ya kwaya. Nikasema kwa kifupi nilichofanya, nikimtazama nzi aliyekuwa ukutani. Kaka Pius akauliza, "Na mbuzi alikula unga?" Nikasema, kidogo. Akasema, "Kwa hiyo wiki zote hizi kwaya nzima imeimba nota ya mbuzi." Jina hilo linatumika hadi leo, na mkilisikia mjue limetoka wapi.

Halafu Mwalimu akasema, "Waimbie so."

Sikuwa nimewahi kuimba peke yangu mbele ya mtu. Sauti yangu ilitoka kama mlango wa ghala. Hakuna aliyecheka. Nikaimba tena, alto wakaishika. Mwalimu akafanya na jambo lingine siku hiyo: aliwahamisha alto wakasimame kuliani kwake. "Miaka yote hii," akasema, "nimewaweka alto kwenye sikio lililokufa, na mimi ndiye ninayelalamika." Tangu siku hiyo alto husimama kulia. Wageni wakiuliza kwa nini, waambieni.

Jumapili baada ya Misa nilipanda gari mpaka Handeni mjini, nikachukua bodaboda mpaka Kang'ata. Nilimkuta Mama Felista shambani kwa dada yake, katikati ya mahindi yaliyofika kiunoni. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunyooka. Kulikuwa na jembe la ziada, nikalichukua, nikaanza mstari wa pembeni yake. Tulimaliza mistari miwili kabla sijasema neno. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wamekutuma wewe kunibembeleza?"

"Hapana mama. Nimekuja kusema ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Ndiye niliyeandika vibaya. Ile la. Ilikuwa so. Hamkukosea nyie."

Akanyooka. "Uliandikaje vibaya, wewe unayeandika kama unashona?"

Nikamweleza, jikoni, rula, mbuzi. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, mpaka akajishika kwenye mpini.

"Kwa hiyo nimeacha nyumba yangu, nimekuja kulima shamba la watu, kwa ajili ya mbuzi?"

"Ndiyo mama."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa kwa Mama Zuhura."

"Basi yeye ndiye angekuja kuniomba radhi. Wewe kamba ya mbuzi huna." Akalima kidogo, kicheko kikaisha. "Lakini lile neno mbuzi hakulisema."

"Mwalimu anasema hivyo hivyo. Anasema alijua, na alisema. Ameniambia nikwambie hivyo."

Tukalima mpaka mwisho wa mstari. Pale akauliza, "Ikoje hiyo sahihi?"

Nikamwimbia, kwenye mahindi, hakuna mtu isipokuwa dada yake kwa mbali. Akasikiliza akikwangua udongo kwenye jembe. "Nyepesi," akasema. "Kama mtu ametua mzigo." Sikumuuliza kama atarudi, nilishindwa, na yeye hakusema. Alinipa majani ya kunde, akanisindikiza mpaka barabarani.

Mkesha wa Krismasi tulifanya mazoezi ya mwisho mchana. Hakuja. Mwalimu hakuuliza, lakini aliacha nafasi yake wazi kwenye mstari, na mtu alipotaka kuijaza akamwambia, "Hapo pana mtu."

Siku ya Krismasi Misa ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa tumeshajipanga, kengele ya kwanza imepigwa, alipoingia Mama Felista kwa mlango wa pembeni, sare imepigwa pasi. Alikuwa amefika kwake jana yake jioni. Akapita nyuma ya tenor, akakuta alto hawapo walipozoea kuwa, akaangaza, akawaona upande wa pili. Akavuka mbele ya Mwalimu. Mwalimu akainamisha kichwa. Yeye naye akainamisha. Akasimama mahali pake.

Wimbo ule tuliuweka baada ya Komunyo, watu wakiwa wamekaa. Mimi nilikuwa nyuma na kaunta buku. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kikafika kwenye "amelala", soprano juu, tenor na besi chini, na alto wakaishika so, nyepesi, kama alivyosema. Na ndani ya so ile nikasikia nyingine, moja, nzito, iliyosimama imara kando yake. Ilikuwa la.

Nilitaka ardhi ipasuke. Zilikuwa zinagusana, so na la, bega kwa bega. Nilimtazama Mwalimu nikimsubiri akunje uso. Alikuwa amegeuza sikio lake la kulia kuelekea alto. Mkono wake uko juu. Ulipofika wakati wa kukata, hakukata. Aliushika pale juu, na kwaya nzima ikashika, mpaka watu kwenye mabenchi wakaanza kuinua nyuso. Ubeti wa pili ilikuwa vile vile. Wa tatu vile vile. Alipoushusha mkono mara ya mwisho, alibaki ametazama sakafu, na Baba Paroko ilibidi akohoe ndipo Misa iendelee.

Baada ya Misa aliniambia nimfuate. Mama Felista alikuwa nje ukutani anasalimiana na watu.

"Shikamoo Mwalimu. Heri ya Krismasi."

"Marahaba, Mama Felista. Heri." Akasimama. Niliona anatafuta maneno. "Siku ile nilisema neno baya."

"Ulisema."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, Mwalimu. Nililima sana kule."

Wakacheka kidogo. Kisha Mwalimu akamuuliza, "Ile la ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Binti huyu hakukufundisha so?"

"Alinifundisha. Nilikuwa nayo, nimekuja nayo njia nzima toka Kang'ata. Nilipofika kwenye neno, iliyotoka ni ile." Akakunja ncha ya kanga. "Wa horini mwimbieni so, Mwalimu. Wangu niachieni la."

Mwalimu akanigeukia. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika zote mbili."

Nikafungua kaunta buku palepale, nikaiegemeza ukutani. Nikauliza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuuliza, "Mwalimu, nani aimbe ipi?"

"Usiandike hilo," akasema. "Mwenye wake atajua."

Sikio lake la kulia lilizidi kufifia mwaka uliofuata. Hajalalamika. Akiulizwa, husema alisikia alichokuwa akikisubiri, na kingine zaidi ambacho hakukitunga.

Haya basi. Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa tatu, silabi ya mwisho: utakuta s, na juu yake l, kwa wino ule ule. Atakuja mwalimu mpya, au mtu aliyesoma muziki, atakwambia alto hawawezi kuwa na nota mbili na aliyeandika alikosea. Mwambie ni kweli alikosea, mara ya kwanza. Usiifute. Mkifika kwenye neno hilo usiwapangie watu. Kuna Krismasi utasikia la moja, kuna Krismasi utasikia nyingi. Iliyopita nilihesabu nne, na moja ilitoka kwa soprano ambaye hata haikumhusu. Sikumuuliza.

Rula irudisheni ndani ya kitabu mkimaliza.